Kabla Hujabandika Chochote Kwenye Bati la Gari

Anayeendesha Probox kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya huchoka masikio kabla ya mgongo. Ni safari ya zaidi ya kilomita 800, na muda wote huo tairi zinavuma, bati la nyuma linaitikia, na rasta za barabarani pale Mikumi zinasikika ndani ya gari zima. Redio inapandishwa sauti, simu haisikiki, na waliokaa nyuma wanazungumza na dereva kwa kupaza sauti. Toyota ilipolitoa gari hilo mwaka 2002 ililikusudia kazi za kibiashara, kubeba mizigo ya maduka na ofisi huko Japani, kwa hiyo haikulijazia vitulizo vya sauti vilivyomo ndani ya Crown. Sisi tumeligeuza gari la familia, la harusi, la safari za kwenda kuzika na la kurudi kijijini mwisho wa mwaka. Kelele zake ni bei ya unafuu wake.

Gari la namna hiyo linaweza kutulizwa, na kazi yenyewe haihitaji karakana kubwa: spana chache, kisu kikali, rola ndogo na subira ya siku mbili au tatu. Tatizo ni imani iliyoenea kwamba ukimya hununuliwa kwa mita, yaani ukifunika bati lote kwa karatasi nzito yenye alumini juu, gari litanyamaza. Mtu analipa, gari linaongezeka uzito, mlango unafungika kwa mlio mzuri wa gari la bei kubwa, lakini akifika Chalinze kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa mvumo ni ule ule. Fundi hakumwibia. Alitibu kelele moja kati ya tatu, akaitibu mara nne.

Kwa hiyo anza kwa kusikiliza. Mtu mmoja aendeshe, mwingine akae nyuma, muende kwenye barabara yenye vipande vya lami vinavyotofautiana. Mvumo ukipungua ghafla mnapoingia kwenye lami mpya laini na kurudi mnapotoka, chanzo ni tairi na uso wa barabara. Ukipanda na kushuka kadiri dereva anavyokanyaga na kuachia mafuta, huku mwendo haujabadilika sana, tazama injini, ekzosi na maunti za injini. Usiposikika katika mwendo wa mjini, kisha ukaanza kuwa mluzi gari linapochanganya, huo ni upepo. Na upepo una kipimo chake rahisi: chukua utepe wa karatasi wanaotumia wapaka rangi, bandika kwa nje juu ya mianya yote ya mlango mmoja, mkaendeshe tena kipande kile kile. Mluzi ukipotea, mlango unahitaji mpira mpya au kurekebishwa bawaba. Hakuna karatasi ya alumini itakayofanya kazi ya mpira wa mlango uliokauka.

Kuna kelele nyingine ambazo ni taarifa ya ubovu, na kuzifunika ni hatari. Mvumo unaozidi ukikata kona upande mmoja na kupungua ukikata upande wa pili mara nyingi ni beringi ya gurudumu iliyokwisha. Mgongano wa chini kwenye mashimo ni bushi au shokapu. Ekzosi iliyotoboka hupiga kelele na pia huingiza moshi ndani ya gari, na moshi huo unaua. Haya yote yamalizwe kwa fundi wa magari kabla hujagusa kapeti. Tazama pia tairi zenyewe. Ubavuni, mwishoni mwa mfululizo wa herufi unaoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu huwa limekakamaa, na likiwa limelika kwa mabonde mabonde huvuma kwenye lami hata kama linaonekana bado lina meno. Wapo wenye magari ambao, wakishabadilisha tairi nne na mipira ya milango miwili, wanakuta hawana haja tena ya kubandika chochote. Pesa iliyookolewa hapo ni yao.

Kinachobaki baada ya hapo ndicho cha kutibu kwa kubandika, nacho kina sura mbili ambazo kila mwenye gari anapaswa kuzielewa, kwa sababu dawa ya moja haitibu nyingine.

Sura ya kwanza ni mtetemo wa bati lenyewe. Gonga katikati ya bati la mlango kwa kifundo cha kidole. Likilia na mlio ukaendelea, basi barabara na injini zinalitetemesha hivyo hivyo, nalo linatoa sauti yake ndani ya gari. Sinia likigongwa hulia muda mrefu, lakini ukiligusa ukingoni kwa kidole hunyamaza papo hapo. Karatasi ya butili yenye alumini ndiyo kidole hicho. Butili ni mpira laini unaonata sana. Bati linapopinda huku na huku, butili iliyobanwa katikati ya bati na alumini inavutwa, na kuvutwa huko kunageuza nguvu ya mtetemo kuwa joto dogo lisilohisika. Hapo utaona kwamba alumini si pambo. Ndiyo inayoilazimisha butili ivutike, na karatasi yenye alumini nyembamba inayokunjika kwa kuguswa tu imepoteza sehemu kubwa ya kazi yake.

Kwa kuwa dawa inafanya kazi pale bati linapopinda, haina haja ya kulifunika lote. Robo ya eneo la bati, ikiwekwa katikati ya uwazi mpana pasipo mikunjo wala mbavu za chuma, huleta sehemu kubwa ya faida yote inayoweza kupatikana. Ukifika nusu unaongeza kidogo. Zaidi ya hapo unaongeza uzito. Karatasi ya unene wa milimita 2 ina uzito wa takriban kilo 3 kwa kila mita ya mraba, na sakafu, milango minne na buti kwa pamoja vina mita za mraba kadhaa. Piga hesabu mwenyewe ukizidisha mara mbili kwa tabaka mbili. Pembe za bati, sehemu zilizokunjwa na kiwanda na sehemu zilizochomelewa juu ya chuma kingine hazitetemeki vya kutosha kustahili pesa yako. Gonga kabla ya kubandika, bandika, gonga tena. Mlio ukishakuwa mfupi na mzito, acha, nenda bati linalofuata.

Sura ya pili ni sauti inayosafiri hewani: mlio wa tairi chini ya sakafu, injini ya gari lako, lori la jirani. Hii inapita kwenye bati tulivu pia. Inazuiwa na uzito uliotandazwa bila mwanya. Kinadharia, kila unapozidisha mara mbili uzito wa kizuizi unapunguza desibeli 6 za sauti inayopenya, na ndiyo maana sponji nyepesi peke yake, hata iwe nene namna gani, haizuii mvumo wa tairi. Kinachotumika ni shuka zito la plastiki laini lililochanganywa na unga wa madini, lenye unene wa kama milimita 3 na uzito wa takriban kilo 5 kwa mita ya mraba. Halibandikwi moja kwa moja kwenye bati. Linalazwa juu ya sponji ya vitundu vilivyofungwa, ya milimita 5 hadi 6, ili lielee, maana likigusana na bati litapokea mtetemo wake na kuupitisha.

Neno la kushika hapo ni mwanya. Tundu lenye asilimia 1 tu ya eneo la kizuizi linatosha kukuzuia usipate upungufu unaozidi desibeli 20, hata kizuizi chenyewe kiwe ukuta wa zege. Ndani ya gari matundu ni mengi: mahali nyaya zinapopita kutoka kwenye injini, mzunguko wa gia na hendibreki, vizibo vya mpira vya sakafuni vilivyodondoka zamani. Kizibo kimoja cha mpira kilichorudishwa mahali pake chini ya miguu ya dereva kinaweza kukupa utulivu kuliko karatasi tatu za butili. Matundu hayo yatafute kwa tochi: mtu akae chini ya gari na mwanga, wewe uwe ndani kapeti likiwa limetolewa, mahali utakapouona mwanga ndipo sauti inapopenya. Kwa usalama gari liwe limewekwa kwenye stendi za chuma, si juu ya jeki tupu.

Sasa dukani. Iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, utaoneshwa roli zinazofanana kwa sura, zote zinang'aa. Kuna za butili na kuna za lami iliyovishwa alumini, na tofauti kati yake ndiyo tofauti kati ya kazi ya miaka na kazi ya msimu mmoja. Lami kwa asili ni ngumu kwenye baridi na laini kwenye joto, na gari jeusi lililoegeshwa juani Dar es Salaam, Mombasa au Dodoma huwa na bati linalopita nyuzi 60. Kwenye sakafu lami ina nafuu, maana imelala. Viwanda vyenyewe huitumia sakafuni baada ya kuiyeyusha ishike. Kwenye mlango uliosimama na kwenye paa itateleza, itadondoka juu ya mashine ya kioo, na harufu yake itakaa ndani ya gari. Karatasi za kuzibia mapaa ya nyumba ni za ukoo huo huo, na zinauzwa kwa bei inayoshawishi. Ziache kwenye nyumba.

Kabla ya kununua roli nzima omba kipande cha ukubwa wa kiganja. Kinuse: butili ina harufu hafifu ya mpira, lami inanuka barabara mpya. Kivute: butili inarefuka kama ubani wa kutafuna, lami inakatika. Kisha kibandike kwenye bati safi lililosimama wima, likae juani siku kadhaa. Kikiteleza au kikavuja uchafu mweusi pembeni, umejua ulichotaka kujua kwa gharama ya kipande. Sponji na shuka zito vipimwe pia kwa moto: kata kipande kidogo, kipeleke mbali na gari, kiwashe, ondoa moto. Kinachoendelea kuwaka hakifai kuwekwa chini ya viti vinavyokaliwa na watoto.

Na kuna vitu ambavyo havipaswi kuingia kwenye gari kabisa. Trei za mayai hazizuii sauti, zinabeba wadudu na zinawaka. Sponji ya godoro inanyonya maji na kuyashikilia kwenye bati hadi kutu ianze kula. Povu la kunyunyiza linaloumuka, lile la kuzibia fremu za milango ya nyumba, likijazwa kwenye vizingiti vya gari linafunga njia za maji, na chuma kinaoza kwa ndani pasipo kuonekana. Povu hilo halitoki tena likishakauka, na mchomeleaji atakayefanya kazi kwenye bodi hiyo baadaye atakutana na moto.

Siku ya kazi, anza na betri. Zima gari, ondoa ufunguo, fungua waya wa hasi, kisha usiguse kitu. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinataka kusubiri angalau sekunde 90 ili nguvu iliyobaki kwenye mfumo wa mifuko ya hewa iishe. Soketi na nyaya za njano ni za mifuko hiyo, na ziko chini ya viti, kwenye usukani na, kwa magari mengi ya sasa, kwenye nguzo za pembeni na ukingo wa paa. Usibandike kitu kwenye nguzo hizo wala kwenye ukingo wa paa wenye mfuko wa pazia: mfuko unahitaji njia yake ufunguke kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Baadhi ya magari yana kihisi cha ajali ndani ya mlango, ukikiona, usikifunike. Mwenye gari la haibridi, kama Aqua au Prius, akae mbali na nyaya za rangi ya machungwa, na ahakikishe tundu la hewa ya kupoza betri, lililo karibu na kiti cha nyuma, halizibwi na kapeti wala sponji. Betri ya haibridi ikikosa hewa inakufa mapema, na bei yake ni kubwa kuliko kazi yote hii.

Viti vya Toyota nyingi hufunguliwa kwa boksi spana namba 14, bolti nne kila kimoja. Piga picha kwa simu kila hatua, na weka bolti za kila kiti kwenye mfuko wake wenye jina. Ukishainua kapeti, pitisha kiganja chini yake, hasa kwenye miguu ya abiria wa mbele na nyuma ya viti. Ukikuta unyevu, simamisha kazi. Maji hayo yanatoka mahali: mpira wa kioo cha mbele, bomba la kutolea maji ya eesi lililoziba, mpira wa mlango, au kizibo kilichopotea. Kubandika butili juu ya bati lenye unyevu ni kuifungia kutu humo ndani kwa miaka. Tafuta chanzo, kitibu, anika sakafu hadi ikauke kabisa, sugua kutu iliyopo, paka rangi ya kuzuia kutu, isubiri ikauke. Magari yaliyopita mikono mingi kabla ya kufika kwako yana siri nyingi chini ya kapeti, na huu ndio wakati wa kuzijua.

Usafi ndio unaoamua karatasi itashika au itabanduka. Fagia, vuta vumbi, futa kwa maji ya sabuni, kausha, halafu futa kwa spiriti kwa kitambaa safi hadi kitambaa kitoke cheupe. Ndani ya milango kuna mafuta na nta ya kiwandani. Bila kuyatoa, hata butili bora haitashika. Petroli isitumike kusafishia ndani ya gari. Mvuke wake unakaa chini, kwenye sakafu ile ile ambako utawasha taa na drayeri.

Kubandika kwenyewe ni kazi ya mikono na rola. Vaa glavu, maana ukingo wa alumini unakata kuliko wembe. Kata vipande vidogo unavyoweza kuvidhibiti badala ya kuhangaika na kipande kikubwa kinachojikunja na kujinasa. Anza kubandika upande mmoja, sogea taratibu ukitoa hewa, kisha bana kwa rola kwa nguvu hadi vinundu vilivyochorwa kwenye alumini vilale kabisa. Kinundu kilichobaki kimesimama ni dalili kwamba chini yake butili haijagusa bati sawasawa. Pwani na kwenye nyanda za joto, juani saa nne asubuhi, bati lina joto la kutosha. Njombe au Limuru asubuhi ya baridi, tumia drayeri ya nywele kuilainisha butili kwanza.

Mlango unastahili muda kuliko sehemu nyingine yoyote. Ni mahali pa kelele, pa muziki na pa maji kwa wakati mmoja. Watu wengi hawajui kwamba maji ya mvua yanaingia ndani ya mlango kila siku inaponyesha; yanapita pembeni mwa kioo, yanashuka kwenye bati la nje na kutoka kwa vitundu vilivyo chini kabisa. Vitundu hivyo visifunikwe hata kwa bahati mbaya. Acha nafasi ya vidole vinne kutoka chini ya mlango bila kubandika chochote, na humo ndani usiweke sponji inayonyonya. Nailoni iliyobandikwa nyuma ya kava ya mlango ina kazi ya kuyazuia maji yasiingie kwa abiria. Fundi mwenye haraka huichana na kuitupa. Mwambie kabla hajaanza kwamba nailoni hiyo irudi, au mahali pake pawe na karatasi inayoziba kila mahali.

Kwenye bati la nje la mlango, lile unalolifikia kwa kupitisha mkono kwenye matundu makubwa, weka vipande katikati na nyuma ya spika. Hapo robo inatosha. Kwa mpenda muziki, nenda karibu na nusu. Kisha funika matundu makubwa ya bati la ndani. Faida yake kwa spika ni kubwa: sauti ya nyuma ya spika haichanganyiki tena na ya mbele, na besi inayopotea kwenye milango iliyo wazi inarudi bila kununua spika mpya. Katika magari niliyoyaona yakifanyiwa kazi hii, hapo ndipo tabasamu la mwenye gari hutokea. Ila kabla ya kufunga, pandisha na shusha kioo mara kadhaa, funga na fungua kitasa kwa ndani na kwa nje, na hakikisha hakuna kipande kinachogusa fito na waya za kitasa. Klipu za plastiki za kava zimezeeka na zitakatika. Nunua pakiti ya akiba mapema, kwa sababu kava iliyorudishwa kwa klipu pungufu italeta kelele mpya ya kugongagonga, na utaidhania ni ya zamani.

Nyuma ya gari la namna ya Probox, Noah au IST, sehemu mbaya kuliko zote ni bati lililo juu ya matairi ya nyuma na shimo la tairi la akiba. Hapo hakuna buti lililotengwa na abiria. Kinachopigwa na kokoto huko kinasikika moja kwa moja masikioni mwa waliokaa nyuma. Hapo weka butili, juu yake sponji, juu yake shuka zito, na uunganishe mishono ya shuka kwa utepe ili kusiwe na mwanya. Ukiwa na pesa ya sehemu moja tu, iwe hii. Pembeni, nyuma ya plastiki za buti, utakuta matundu yenye vilango vya mpira. Hewa ya ndani hutoka nje kupitia hapo. Yaache. Ukiyaziba milango itakuwa migumu kufunga na vioo vitashika ukungu wakati wa mvua.

Sakafu ya mbele inafuata, hadi pale inapopanda kukutana na ukuta wa bati unaotenganisha injini na abiria. Kata shuka kwa uangalifu kuzunguka pedali: breki na mafuta vifike mwisho wa mwendo wake bila kugusa chochote, na kapeti lisiwe nene kiasi cha kubana kisigino. Upande wa injini wenyewe usibandike karatasi za ndani ya gari. Kuna joto la ekzosi na mafuta, na bidhaa za huko ni nyingine.

Paa si la lazima kwa kelele za tairi, lakini kwa mvua ni tofauti kubwa: vipande vichache vya butili katikati ya kila uwazi hukata mlio wa matone. Wengi huweka alumini hapo wakitarajia ubaridi. Alumini hurudisha joto la mionzi ikiwa tu mbele yake pana nafasi ya hewa. Ikibanwa kati ya bati na kitambaa cha dari, kazi ya kuzuia joto inabaki kwa sponji. Kwa hiyo weka sponji ya vitundu vilivyofungwa pale juu, nyepesi na iliyoshika vizuri, na usipandishe uzito paani.

Utajuaje kama kazi imefanikiwa? Kabla ya kuanza, pima kwa programu ya kupima sauti kwenye simu: barabara ile ile, mwendo ule ule, vioo vimefungwa, feni imezimwa, simu imewekwa mahali pale pale. Rudia mwishoni. Kazi nzuri huleta upungufu wa desibeli chache, na usisikitike ukiona namba ndogo. Kupungua kwa desibeli 3 ni kupungua nusu ya nguvu ya sauti, na kupungua kwa 10 sikio hukusikia kama kupungua kwa nusu ya kelele. Kinachobadilika zaidi ni aina ya sauti: mlio mkali wa bati unaondoka, unabaki mvumo wa chini usiochosha, na mazungumzo yanarudi kwenye sauti ya kawaida. King'ora cha gari la wagonjwa na honi ya basi bado utazisikia, na ni vyema iwe hivyo.

Ukimpa fundi kazi, kaa naye. Kubaliana naye ni sehemu gani na kwa kitu gani, si kwa jina la jumla la kazi. Aoneshe bati likiwa safi kabla ya kubandika. Bolti za viti na za mikanda zikazwe tena mbele yako, betri irudishwe, na taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi iwake kisha izimike yenyewe. Ikibaki inawaka, gari lisitoke hapo. Usikubali kufanya gari zima kwa siku moja. Fanya nyuma kwanza, endesha kwa wiki kadhaa, sikiliza ni kelele gani imebaki, ndipo uamue kama milango na sakafu vinahitaji pesa nyingine. Na mvua ya kwanza ikinyesha, chutama kando ya kila mlango uliofanyiwa kazi uone maji yanatoka chini. Yasipotoka, fungua kava siku hiyo hiyo.